Meneja Aliyeitwa kwa Kipaza Sauti

Aibu yangu inajulikana mtaa mzima wa Rhonda, kwa hiyo afadhali niisimulie mwenyewe, kwa mpangilio, kabla hamjaisikia kwa wauza mboga ambao wameshaitia chumvi.

Nina duka la kushona sare za shule, na juu ya mlango kuna kibao alichokichora marehemu mume wangu kwa mkono wake: KAMAU NA MKE, MAFUNDI WA NGUO. Februari ya mwaka 2024 nilianza kutafuta bima ya afya, kwa sababu Chebet, mmoja wa mafundi wangu, alikuwa mjamzito, na mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji uliowafanya wazazi wa Chebet wauze ng'ombe.

Mimi nilijifunza kusoma nikiwa mtu mzima, basi maandishi madogo hayanitishi. Nilivaa miwani nikayasoma masharti. Bima ya mtu binafsi ilimtaka Chebet angoje miezi kumi kabla ya kulipiwa uzazi (mimba gani ingengoja?), lakini ya biashara ndogo ingemlipia mara moja, mradi tu watu wasipungue watano. Sisi tulikuwa wanne.

Kiprono, ajenti wa bima, kijana na mpole, alipokuja dukani akakitazama kibao. "Mama, na huyu Kamau?"

Ningesema tu kwamba ni marehemu. Lakini tangu nifiwe watu huzungumza nami kwa sauti ya chini kana kwamba mimi ndiye mgonjwa, nami sikuitaka sauti hiyo kwa kijana aliyekuja kwa shughuli za biashara, na tena (nisiwafiche) bado humsalimu Kamau kila asubuhi ninapofungua mlango, basi mdomo ukatangulia: "Huyo ndiye meneja."

"Sawa kabisa, mko watano. Mtapimwa hapa Alhamisi ya pili ya Machi, kila mtu na kitambulisho chake."

Kupimwa! Mimi niliyesoma masharti yote, hilo lilikuwa limenipita. Badala ya kumpigia simu nikiri, nilijiambia nitasema meneja amesafiri.

Alhamisi ilipofika, Kiprono alikuja na nesi, hema na, ili kuvuta wateja wengine, kipaza sauti. Majirani wakajaa, maana presha ilipimwa bure. Nilikuwa kitini, mkono umefungwa ile mashine, nilipomsikia akitangaza: "Meneja Kamau! Meneja Kamau, tafadhali, nesi anakungoja!"

Mama Akinyi, anayekaanga samaki mlango wa pili, akashika kiuno.

"Mathe, Kamau gani? Si yule tulimzika kwao Kabazi, mvua ikatunyeshea mpaka lori likakwama?"

"Amesafiri," nikasema, kwa sauti nyembamba.

"Eeh, huyo amesafiri kabisa!"

Kicheko kilichofuata sijawahi kukisikia hata harusini. Nesi aliitazama presha yangu, akanishauri tupime tena baadaye.

Aliyekosa kucheka ni Chebet. Alikuwa ameshika tumbo akimtazama Kiprono, ambaye sasa alikizima kipaza sauti, akanigeukia. "Mama, marehemu siwezi kumwekea bima. Na mkiwa wanne, siwezi kuwaandikisha."

Nikasimama, nikamwomba msamaha yeye, kisha Chebet, mbele ya watu wote. Mama Akinyi naye akafuta mafuta mikononi, hacheki tena.

"Wewe kijana, lazima mtu awe fundi wa nguo?"

"Hapana, mama. Biashara ndogo zilizo jirani zinaweza kuungana ziwe kundi moja. Masharti ni yale yale."

"Si ungesema mapema! Niandike, mimi na wasichana wangu wawili. Mimi niko hai, njoo unipime."

Chebet alijifungua mwezi wa Juni, kwa upasuaji tena, na bima ikalipa. Hakuna ng'ombe aliyeuzwa. Samaki wa kwanza kuingia wodini aliletwa na Mama Akinyi, mwanamke niliyekuwa nikimsalimia kwa kichwa tu kwa sababu moshi wake uliniharibia vitambaa. Siku hizi namshukuru Mungu hata kwa huo moshi, na nimeapa kwamba nikiulizwa swali jepesi, nitasema kweli kwanza, kiburi kifuate baadaye.

Machi iliyofuata Kiprono alirudi kutuandikisha upya. Akasimama chini ya kibao, akijizuia kucheka. "Mama, na Kamau mwaka huu?"

"Kamau ni marehemu," nikamwambia, kwa sauti yangu ya kawaida. "Sasa ingia, meneja ni mimi."