Punguza na Bendi ya Baba Yake

Mimi ni fundi cherehani, na ukuta wangu wa kushoto ndio ukuta wa kulia wa studio ya muziki. Ukuta wenyewe mwembamba. Mtu akikohoa upande ule, mimi huku namwambia pole. Jirani yangu akitaka kurekodi hugonga mara mbili, nami nainua mguu kwenye pedali. Akimaliza hugonga mara moja, naendelea kushona. Tumeishi hivyo miaka, na kwa adabu tu sijamwambia ni nguo ngapi za watu zimechelewa kwa ajili ya nyimbo ambazo hazikustahili hata kuimbwa bafuni.

Mtaa mzima unamwita Punguza. Jina hilo alijipatia kwa mdomo wake mwenyewe. Mwimbaji huja na shangwe zake, anataka vinanda, filimbi, ngoma za kila namna, na sauti yake irudirudi kama yuko pangoni. Punguza humsikiliza mpaka mwisho, anakuna kidevu, kisha anasema, "Punguza. Mtaka yote hukosa yote." Wengine hununa wakaondoka. Wanaobaki hutoka na wimbo mzuri, na wakifika barabarani wanajisifu kwamba wazo lilikuwa lao.

Si kwamba ana roho ngumu. Ni kompyuta yake. Imekula chumvi nyingi, feni yake inanguruma kama paka aliyebanwa mlangoni, na kumbukumbu yake ni ndogo, haipokei kuongezwa. Siku moja nilimuuliza, kumbukumbu inajaaje wakati juzi aliniambia mashine bado ina nafasi tele? Akacheka, akaelekeza kidole dukani kwangu.

"Dada, ile nafasi ni kabati lako. Kumbukumbu ni meza yako ya kukatia. Kabati linaweza kuwa tupu kabisa, lakini kama mezani umetandaza magauni sita, yote yana pini, la saba utalikatia wapi?"

"Mapajani," nikamjibu, maana nimewahi.

"Na mimi ndipo nilipo. Mapajani."

Akanieleza kwamba kila ala anayoipigia ndani ya kompyuta huja mezani na sauti zake zote, za juu na za chini, za ukali na za upole, hata zile ambazo wimbo hauzihitaji. Zinakaa tu zikingoja kuitwa. Kwa hiyo akiridhika na ala moja, anaigandisha: kompyuta inabakiza kile tu kilichopigwa, na hizo nyingine zote zinaondoka mezani. Nikamwambia basi hilo ni gauni lililokwisha kushonwa na kupigwa pasi, linakunjwa linawekwa pembeni. Akasema ndiyo hasa, na ukitaka kulibadilisha, ufumue. Ndiyo maana hana subira na mtu asiyeamua. Mimi pia sina. Kuna wateja wangu ambao ningewagandisha wao wenyewe kama ingewezekana.

Kisha baba yake akahamia kwake.

Mzee alikuwa mpiga gitaa na kiongozi wa bendi enzi zake, mrefu, mcheshi, wa kukaa kitini kana kwamba watu wanamtazama. Lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umeanza kutetemeka. Daktari hakumficha. Alimwambia dawa zitautuliza asubuhi kwa muda mfupi, na muda huo utazidi kufupika mpaka uishe. Mzee hakulalamika. Alikuwa na ombi moja. Kulikuwa na wimbo alioutunga ujanani, wa kijana anayemfuata msichana njiani baada ya dansi, akimbembeleza. Ubeti wa kwanza msichana hageuki. Ubeti wa pili anapunguza mwendo. Ubeti wa tatu anageuka na kumjibu. Msichana mwenyewe ndiye aliyekuja kuwa mama yake Punguza, na sasa ni marehemu. Wimbo haukuwahi kurekodiwa.

"Nataka niuweke kabla mkono haujaniaga," mzee alisema mbele yangu. "Ila siupigi peke yangu. Nataka bendi yangu yote."

Bendi yenyewe, waliokufa wamekufa na waliobaki hawajulikani walipo. Punguza akaanza kuwaunda mmoja mmoja ndani ya kompyuta, baba yake kando akiwaelekeza kama wapo. Mpiga besi alikuwa Kobe, mpiga ngoma alikuwa Radi, na mpiga tarumbeta alikuwa Bwana Nakuja, kwa sababu hakuwahi kufika mazoezini kwa wakati. Nilikuwa nikiwapelekea chai, na nakiri nilikaa kuliko chai ilivyohitaji. Mzee akicheka, nawe unacheka.

Tatizo lilikuwa Bwana Nakuja. Leo mzee anataka tarumbeta iingie mapema, kesho ichelewe, keshokutwa iwe ya huzuni. Besi iligandishwa, ngoma zikagandishwa, kinanda kikagandishwa. Kila Punguza aliposogeza mkono kwenye tarumbeta, mzee alimshika bega.

"Huyu mwache kwanza, mwanangu. Sijamalizana naye."

Na tarumbeta ile ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote. Nikamvuta jirani yangu mlangoni.

"Kaka, mbona huyu humwambii apunguze?"

"Ni baba yangu, dada. Nikigandisha tarumbeta ni kama namwambia rafiki yake amekufa kweli."

Nikakusanya vikombe vyangu, nikarudi dukani. 

Asubuhi ya kurekodi mkono ulitulia vizuri kuliko siku zote. Ukuta ukagongwa mara mbili, nikainua mguu. Jamani, mzee alikuwa anajua. Gitaa lilitembea kwa maringo, na sauti yake, pamoja na mikwaruzo ya uzee, ilikuwa ya kijana anayeomba. Ubeti wa kwanza msichana hakugeuka. Ubeti wa pili akapunguza mwendo. Nikajikuta nimeshika mkasi hewani. Ubeti wa tatu ukaanza, "Akageuka, akanitazama, akaniambia..." na papo hapo nikasikia feni ikipiga kelele, muziki ukakatika vipandevipande, halafu kimya. Nilingoja ule mlio mmoja wa kugonga ukutani. Haukuja.

Nilipozunguka nikakuta skrini imekwama, na Punguza amesimama mikono kichwani. Mzee alikuwa bado amepakata gitaa. Vidole vilikuwa vimeanza kutetemeka juu ya nyuzi, na nyuzi zikawa zinalia zenyewe kidogo kidogo.

"Kumbukumbu imejaa," Punguza akasema. "Ni tarumbeta, Baba. Angekuwa mteja mwingine ningeigandisha siku ya kwanza."

Alipoiwasha kompyuta upya, kile kilichokwisha kurekodiwa kilikuwa kimo. Kiliingia kabatini kadiri mzee alivyopiga, mpaka pale pa "akaniambia". Baada ya hapo hakuna kitu. Basi asubuhi iliyofuata wakajaribu tena, tarumbeta imegandishwa safari hii, meza nyeupe. Kidole kikakosa waya. Asubuhi nyingine vikakosa viwili. Dawa ikabadilishwa, haikusaidia. Nilikuwa nainua mguu na kushusha, nainua na kushusha, na nilimkasirikia yule Bwana Nakuja kana kwamba alikuwa mtu wa kukamatwa shati. Maji yakimwagika hayazoleki, najua, lakini kujua hakupunguzi hasira.

Siku ya mwisho ya kujaribu, mzee aliweka gitaa chini akaliegemeza ukutani taratibu.

"Nichezeshee tulichonacho," akamwambia mwanawe.

Akasikiliza amefumba macho. Ulipofika mwisho akasema, "Mtoe Bwana Nakuja."

"Baba, sasa hana uzito. Nimeshamgandisha."

"Mtoe. Alinichelewesha ujana wangu wote, na uzeeni kaja kunikatiza." Akatabasamu, lakini machozi yalikuwa yanamlengalenga. "Mwambie asante. Radi naye, mtoe. Kinanda, toa. Kobe..." Hapo akaligusa gitaa. "Kobe alinibebea jeneza la mama yako. Mtoe naye, polepole."

Punguza akawa anazima mmoja mmoja, na kila mara mzee alitikisa kichwa kama anayewasindikiza watu getini. Mwisho wakabaki gitaa na sauti. Wimbo ukapigwa tena hivyo hivyo, mtupu, na sitasema uongo, nililia waziwazi na tepu yangu ya kupimia shingoni. Haukuhitaji mtu mwingine tangu mwanzo. Ulipofika pa "akaniambia" gitaa likanyamaza, na mzee, macho bado yamefumbwa, akaumalizia kwa mdomo wake.

"Akaniambia, viatu vinanibana, nibebe."

Punguza akashtuka. "Ndivyo Mama alivyosema?"

"Leo, ndiyo."

Tangu siku hiyo kila asubuhi ni hivyo. Wimbo unachezwa, unafika pale, unakatika, na mzee anatoa jibu la marehemu mkewe. Siku moja msichana alimwambia arudi nyumbani akanawe uso. Siku nyingine alimwambia mbona umechelewa. Kuna siku hakumjibu neno, mzee akanyamaza mpaka chai ikapoa. Mkono wake sasa haushiki hata kijiko vizuri, lakini hilo la jibu hajakosa. Na kila mara Punguza anarekodi.

Juzi nikamvizia mlangoni. "Jirani, huo wimbo utauuza au utaufuga? Chagua mwisho mmoja, hiyo mingine ufute. Wewe si ndiye Punguza?"

Akatazama ndani, baba yake alikuwa anajiweka sawa kwenye kiti chake.

"Mezani kuna gitaa tu, dada," akasema. "Kabati acha lijae."

Nikarudi kwenye gauni la mtu niliyemwahidi jana. Kabla sijatia uzi, ukuta ukagongwa mara mbili. Nikainua mguu, nikatega sikio nisikie leo atamjibu nini.