Bata Waliosaliwa Hadi Mpondwe

Enzi zetu pale Kasese, bata alisafiri kwa heshima kuliko mtoto. Wa rika langu wanajua ninachosema. Mama yangu, mzaliwa wa Butembo, Kongo, na Mkatoliki asiyetaniwa, alifuga bata nyuma ya jiko. Kila jioni tulisali rozari hapo hapo uani, miguu kwenye matope yao na pua zikinusa maharage yanayoungua. Bata wakazoea. Mama alipoanza Salamu Maria walikunja shingo na kutulia, jambo ambalo sisi watoto hatukuliweza.

Kwa hiyo siku ya kuwapeleka soko la Mpondwe, mpakani na Kongo, sala ilikwenda nao. Jioni ya kuamkia safari hawakulishwa. Asubuhi waliingizwa kwenye matenga yenye majani makavu ya migomba, sita sita wasikanyagane, wakafunikwa gunia lililoloweshwa, nasi tukapanda lori la mizigo. Mama alisalisha polepole kupita Kikorongo hadi Bwera, sisi tukiitikia. Utingo alivua kofia, akidhani tumebeba marehemu.

Safari nisiyoisahau ni ya mwaka ule dada yangu Kavira alipopata nafasi shule ya masista, Mbarara. Bata kumi na wawili ndio walikuwa karo yake yote. Mama alikuwa na mafua, sauti imekauka, basi nikasalisha mimi, mwenye miaka tisa. Mnunuzi wetu kutoka Beni alikuwa na desturi yake: aliwashusha bata chini, na mmoja asipotembea, aliwakataa wote. Kumi na mmoja wakatembea. Mmoja akakaa.

"Ile iko mugonjwa, mama. Sitakamata hata moja."

Kavira alishika sketi ya mama. Mama akanong'ona, "Haiko mugonjwa. Inangoja Amina. Huyu mutoto alisahau."

Kweli, lori liliposimama nilikuwa nimeikatisha sala. Nikasema Amina. Bata akainuka, akawafuata wenzake, na Kavira akapata shule.

Siku hizi mwanangu hubeba bata kwa bodaboda, vichwa chini, redio juu. Nilipomweleza habari za gunia na sala, aliniuliza kama bata wa zamani walibatizwa. Nikamwambia, wengine. Lakini binti yake akienda bweni, ukoo mzima humsindikiza kwa keki na machozi, na simu kila baada ya kilima. Nilikuwa nawacheka.

Kavira sisi tulimpandisha lori peke yake, juu ya magunia, mama akarudi kuwalisha bata waliobaki. Mwaka jana dada aliniambia kwamba siku ile alilia hadi Mbarara. Akaniuliza kwa nini hakuna aliyemsalia hata Salamu Maria moja. Nilimwomba radhi, nikiwa na mvi kichwa kizima.