Kichwa cha Mateus na Siri ya Wanaume wa Kitaya

Odete alichoka kuwaambia watu kwamba mumewe hana wazimu, wala hajalogwa na mtu wa ng'ambo ya Ruvuma. Mateus alianza kwa kulalamika kichwa. Kisha akawa anatafuta ndala aliyoishika mkononi. Kisha mguu wa kulia ukaanza kuburuta. Zahanati walisema ni kiharusi, wakampa aspirini, naye akazidi kudidimia. Ndipo Odete alipomkokota kutoka Kitaya hadi hospitali mjini Mtwara, na picha ya kichwa ikaonyesha jambo jingine kabisa: damu iliyovuja polepole, ikajikusanya kati ya fuvu na ubongo, na sasa inaukandamiza.

Daktari Latifa, mwanamke wa Mikindani mwenye sauti ya chini, aliwakalisha Odete na mzee Ivo kando ya kitanda. Ivo ni mjomba wa Mateus, na kwa Wamakonde mgonjwa asipoweza kujisemea, mjomba ndiye mwenye neno.

"Mzee aliumia kichwa? Hata miezi miwili iliyopita?"

"Hapana," akasema Ivo.

"Hakuanguka? Hakugongwa?"

"Daktari, huyu mtu mpole. Agongwe na nini?"

Odete akauma meno.

Kila nchi ina siri yake inayojulikana na wote. Ya Kitaya ni hii: vijana wanapotoka jandoni, hutoka pia lipiko, kinyago cha mti kinachofunika kichwa kizima, na anayekivaa hufungwa matambara mwili mzima. Wanawake huambiwa huyo si mtu, ni mzimu. Nao hukimbia, hupiga mayowe, wakifika nyuma ya nyumba hucheka hadi machozi. Msimu uliopita, kama miezi miwili sasa, mzimu ulijikwaa katikati ya ngoma, ukaenda chini kichwa kwanza, na wanaume wakaubeba mbio nyuma ya uzio. Asubuhi Mateus alirudi na nundu, akadai ameteleza kisimani. Odete aliikanda kwa maji ya moto, akanyamaza, kama mama yake alivyomnyamazia baba yake.

Simu ikalia. Alikuwa Helder, mtoto wao wa kwanza, yuko Dar.

"Mama, msikubali watoboe fuvu! Siku hizi wanapitisha mrija kwenye mshipa wa paja, unapanda hadi kichwani, wanaziba damu inakotokea, kwisha. Mleteni huku."

"Wewe umesomea nini, Helder?"

"Umeme wa magari, mama. Lakini nimeona video."

"Hajakosea sana," akasema daktari, aliyekuwa akisikia kila neno. "Kuna mshipa mdogo unaolisha utando unaovuja. Ukizibwa, damu haijazwi tena, na iliyopo hunyauka yenyewe, ila kwa wiki nyingi. Kwa mtu anayetembea na kuongea ni njia nzuri. Mzee wenu hana hizo wiki. Ubongo umeshasukumwa upande. Mimi ningetoboa matundu mawili leo, niitoe hiyo damu. Ikirudi, hapo tutazungumza habari za mshipa na za Dar."

"Basi toboa," akasema Odete.

"Sasa mama, mtu ambaye hakugongwa, damu yake inavuja kwa nini? Aspirini huizidisha, lakini maumivu yalianza kabla yake. Pengine ana ugonjwa wa damu kutoganda. Nikimtoboa mtu wa namna hiyo anaweza kunifia mezani. Itabidi nipeleke vipimo Dar kwanza, tusubiri."

"Tusubiri," akasema Ivo. "Hatuna haraka."

Mateus akafumbua jicho moja, akamwita mkewe "afisa", akamwomba ruhusa ya kuvuka mto.

Odete akasimama.

"Mjomba, mwambie daktari."

"Mama Helder, maneno yana mahali pake."

"Na kaburi nalo lina mahali pake! Daktari, alianguka ngomani. Alikuwa ndani ya lipiko. Alipiga kichwa kwenye kisiki, wakambeba hajitambui."

"Mwanamke! Wewe hukupaswa kujua!"

"Nisijue vipi? Miguu ile nimelala nayo tangu usichana. Mnafunga kichwa, mnafunga tumbo, mnaacha vidole nje, halafu mnatuambia mzimu! Mzimu gani una gumba lililopinda?"

Muuguzi aliyekuwa akibadilisha dripu akaangua kicheko, akajifanya anakohoa. Ivo akatazama dari, shingo imemvimba.

"Haikuwa kisiki," akasema mwishowe, kwa hasira ya mtu asiyeweza kuvumilia kosa. "Ilikuwa nguzo ya uzio."

"Asante, mzee," akasema daktari, akampa kalamu atie sahihi.

Damu ilitoka nyeusi kama oili chafu ya gari. Siku ya pili Mateus alimwita mkewe kwa jina lake, akala uji, akauliza mambo ya shamba. Alipoelezwa jinsi daktari alivyojua, akageukia ukutani.

"Umeniaibisha, Odete."

"Aibika. Maiti haiaibiki."

Mateus alishinda siku nzima amenuna, huku Odete akimbadilishia mashuka na kujiuliza ni mwanamke gani mwingine anayenuniwa kwa kuokoa mtu. Jioni Ivo akaja, akazungukazunguka, akamvuta daktari pembeni, ingawa si mbali vya kutosha.

"Daktari, hiki kichwa kitaweza kubeba lini?"

"Kubeba nini, mzee?"

Ivo akamtazama Odete, akatazama dirisha. "Vitu tu. Vya mti."

"Hakibebi," akasema Odete kabla daktari hajafungua mdomo. "Damu yenyewe inaweza kurudi. Tafuteni mzimu mwingine."

"Hakuna mwingine anayecheza kama yeye."

"Kweli," akasema Mateus, uso bado ukutani.

Odete akamgeukia daktari, mikono kiunoni. "Unamsikia? Huyu amepona."