Mzee Fondo Anakula Mafichoni

Kama ungepita uani kwetu hapa Chaani mwendo wa saa nne asubuhi, ungemkuta mwanamume mtu mzima amechutama nyuma ya shuka zilizoanikwa, hamri, lile andazi la nazi, mkononi, anatafuna bila kutoa sauti na macho hayatulii. Ungedhani ni mwizi. Siye. Huyo ni Mzee Fondo, na hamri ni yake, kainunua kwa pesa yake mwenyewe. Aliyekuwa akimkimbia ni mjukuu wake Brandon, mtoto mchanga aliyeegemezwa mto ndani ya beseni, hana jino hata moja.

Fondo tunamjua wote katika ploti hii. Alipiga kazi ya ukuli bandarini hadi mgongo ukakataa, akamzika mkewe, akabaki na binti mmoja mjini, Purity, na mdomo mwepesi wa kuahidi. Kila mkesha wa mwaka mpya alisimama kanisani akaacha ulevi wa mnazi, waumini wakapiga makofi, na Pasaka ikamkuta ameurudia kwa sababu za kiafya. Mlango wa choo aliahidi kuutengeneza tangu mwenye nyumba alipokuwa kijana, na mpaka leo ukiingia sharti uuzuie kwa mguu. Ndiyo maana Fondo akisema, "Nimekupa neno langu," wapangaji humwuliza kama hana kitu kingine cha kutoa.

Sasa Purity anashona nguo kiwandani, na kiwanda hakinyonyeshi. Likizo yake ya uzazi ilipokwisha, mumewe Kyalo, dereva wa lori la kwenda mpakani Malaba ambaye nyumbani huonekana kama mgeni, alileta ujumbe kutoka Makueni kwa mamake. Mama Kyalo alitaka aletewe mtoto. Huko kuna hewa, alisema, kuna mbuzi, na yeye kalea watoto wake wote bila kuulizwa na kliniki.

"Niachieni mimi," Fondo akasema.

Kyalo alicheka hadi chai ikamtoka puani. Purity hakucheka, kwa kuwa hakuwa na mtu mwingine, na kumpeleka mtoto Makueni kulikuwa kumtoa roho. Alimkalisha babake kwenye kigoda akamsomea sheria.

"Baba, kliniki wamesema mpaka atimize miezi sita ni maziwa yangu tu. Nitayakamua, yatakaa kwa friji ya Mama Lynnette. Hata maji usimpe. Hata kulambishwa. Siku nitakayosikia umempa kitu, Brandon anapanda basi aende kwa Mama Kyalo, na sitataka maneno."

"Mwanangu, nimekupa neno langu. Lakini nami nina ombi. Siku ikifika, kijiko cha kwanza nimpe mimi."

"Tutaona," Purity akajibu, kwa sauti ya mtu aliyerudishiwa chenji ya noti iliyochanika.

Mimi chumba changu na chao vinagawana ukuta wa ubao. Sisemi nilikuwa nikisikiliza. Ukuta ndio mwembamba. Na nakiri tuliwekeana dau, mimi na wenzangu wa bombani, kwamba Fondo hamalizi wiki. Kwao Kaloleni watoto wake wote walionja uji kabla hawajajua kucheka, na mtu aliyezoea hivyo huoni vipi atamtazama mtoto anayelia naye sufuria iko mezani.

Lakini Fondo alikuwa na tatizo ambalo kliniki haikulifikiria. Kwa imani yake, mtoto akikutazama mdomo unapokula nawe usimpe, unamtamanisha, na kumtamanisha mtoto ni kumwonea. Kumpa hawezi, kaapa. Kula mbele yake hawezi, ni dhambi. Basi akaona njia iliyobaki ni kula mafichoni. Akala nyuma ya shuka. Akala nyuma ya tangi la maji. Siku za mvua alikula chooni, mguu mmoja umezuia mlango, sahani ya sima na mchicha imewekwa juu ya dirisha. Mimi mwenyewe nilimgongea siku moja akanijibu kutoka ndani, mdomo umejaa, "Ngoja nimalize mboga!"

Na sheria haikuishia kwake. Ilitufikia sote. Jerioth, yule Mama Lynnette mwenye friji, hukaanga viazi mlangoni pake jioni. Fondo alimwendea na mtoto begani, uso wa Brandon ameugeuzia ukutani.

"Shemeji, tafadhali, funga mlango ukila."

"Mzee, si mimi hulipa rent kama wewe? Nitakula pahali nataka."

"Kula, nani amekukataza? Lakini usitafune ukimtazama mtoto. Huyu hana ruhusa bado."

Jerioth alipaswa kuwa wa mwisho kulalamika, kwa kuwa yeye ndiye mhudumu wa afya wa mtaa, ana fulana yake na mkoba wake, na huzunguka nyumba kwa nyumba kuwafundisha wanawake habari ya miezi sita. Anafundisha vizuri mno. Ukimsikiliza huku unakula, unahisi una hatia.

Wiki ikapita, ikapita na ya pili, dau zetu zikaliwa. Brandon akanenepa. Alinenepa hadi mikono ikafanya mikunjo, mashavu yakakaribia kukutana na mabega. Kliniki nesi alimpima akawaita wenzake waje waone. "Haya ndiyo maziwa ya mama!" akawaambia kina mama waliokuwa kwenye foleni, na Purity akarudi nyumbani akitembea katikati ya barabara. Jerioth akaanza kumtaja Brandon kwenye mizunguko yake: mtoto wa ploti yetu, maziwa matupu, njooni mmwone. Nao walikuja kweli, wakamfinya mashavu.

Aliyekonda ni Fondo. Chakula cha kuchutama hakijengi mwili. Suruali ikawa inashikwa na kamba, na wamama wa kanisa wakaamua kwamba Purity anamnyima babake chakula. Walimletea unga. Jumapili moja mzee wa kanisa aliombea wazazi wanaosahauliwa na watoto wao wenye kazi za kiwandani, kisha akafumbua jicho moja kutafuta Purity amekaa wapi. Purity hakuonekana pale mbele. Alikuwa nyuma kwenye benchi la wanaonyonyesha, kama kila Jumapili, na mtoto na mkoba wake.

Fondo hakujitetea. Kupitia ukuta nilimsikia akimwambia mtoto, "Usinitazame hivyo, bwana mdogo. Si mimi, ni sheria. Siku yako inakuja. Nitakuchagulia boga tamu, na kijiko cha kwanza ni changu." Nilikasirika siku hiyo, maana nilijikuta nimefunga mlango wangu ndipo nikala.

Siku ikafika, Jumapili baada ya ibada. Purity aliponda boga, laini, bila chumvi kama alivyofundishwa. Alitandika mkeka uani, akamkalisha mtoto ndani ya beseni lake, akamfunga vitambaa viwili kifuani, maana nesi alimweleza kwamba mtoto asiyewahi kula husukuma chakula nje kwa ulimi, asishangae. Wapangaji wote tulikuwepo, na Kyalo alikuwa amerudi safari. Mama Kyalo alikuwa ameshuka kutoka Makueni na gunia la unga wa wimbi na begi tupu, na hakuna aliyemwuliza begi hilo ni la nini. Fondo alivaa shati lake la mazishi. Alinyoosha mkono apokee kijiko.

"Ngoja, Mzee," akasema Mama Kyalo. "Mtoto ni wa upande wetu. Kijiko cha kwanza ni cha upande wetu."

Fondo alimtazama binti yake. Purity alikuwa akikoroga boga ambalo halikuhitaji kukorogwa tena. Mkono wa Fondo ukarudi chini.

Mama Kyalo akachota. Kabla kijiko hakijafika nusu ya njia, Brandon akafungua mdomo, akainamisha shingo mbele, akakipokea, akafunga, akameza. Vitambaa viwili vikabaki safi. Kisha akafungua mdomo tena na kupiga beseni kwa kiganja, kama mteja aliyechoka kusubiri hotelini.

Mama Kyalo alikigeuza kijiko kitupu, akakitazama.

"Huyu mtoto," Mama Kyalo akasema polepole, "si mgeni wa kijiko."

Macho yote yakaenda kwa Fondo. Yangu pia yalienda, sitajitoa.

"Mama Kyalo, wallahi, mimi sijampa kitu. Hata maji."

"Si wewe hukaa naye kutwa? Nani mwingine? Kyalo, nguo za mtoto ziko wapi? Lete ile begi."

"Purity mwanangu," Fondo akasema, "mimi nimekula chooni. Nimekula chooni kwa ajili ya neno hili."

Purity aliangalia chini. Kyalo alisimama, akaenda ndani, akatoka na nguo za mtoto zimejaa mikononi. Brandon hakujua kwamba anahamishwa mkoa, yeye alikuwa anataka boga, na sasa alilia kwa sauti iliyowatoa majirani wa ploti ya pili. Jerioth akakimbilia bakuli.

"Aki mtoto ataumia na kilio, wacha nimpatie. Lakini pulizeni kwanza, ikiwa moto huwa anatema."

Mama Kyalo aligeuka. "Huwa?"

"Nimesema tu."

"Umesema huwa. Umejuaje?"

Jerioth alitazama fulana yake kana kwamba ingemjibia. "Mzee akienda kuoga si mimi humshika? Mtoto alikuwa ananiangalia na njaa! Nilimpatia uji kidogo. Kidogo sana. Ya kulainisha koo."

"Mhudumu wa afya!" Mama Kyalo akang'aka. "Na unampa ukiwa umemshika hivyo, kichwa kinaning'inia? Ndiyo maana anatema. Mlaze goti la kushoto, la kushoto hakatai hata..."

Akajikamata, lakini alikuwa amechelewa.

"Mwaitu," Kyalo akamwambia mamake, nguo bado mikononi, "ile wiki uliyokuja kumwona, ukamwogesha umefunga mlango, ulimpa nini?"

"Maziwa ya mbuzi. Nilibeba kwa chupa. Mtoto wa Kikamba hawezi kukaa bila kujua mbuzi. Na wewe usiniulize kama hakimu, hiyo boga yenyewe anakula kwa sababu amekosa ndizi, siku ile alininyang'anya yangu kama mzoefu..." Akajikamata tena. "Kyalo. Nani alimfundisha ndizi?"

Kyalo aliweka nguo chini kwa uangalifu, na kila mtu akakumbuka jinsi kila akirudi safari alivyompeleka mtoto barabarani "akasalimie watu".

Hapo Brandon, aliyesahauliwa na wote, aliacha kulia. Alikuwa ameona mkoba wa mamake, ule wa kanisani, pembeni ya mkeka. Akaunyooshea mikono yote miwili, akafungua mdomo, akangoja.

Purity alifunika uso kwa leso. "Nilikuwa nampa mtindi," alisema. "Jumapili tu, kule nyuma. Wiki nzima simwoni macho. Nilitaka hiyo siku moja anifurahie. Baba, nisamehe. Nilijua si wewe, na nikanyamaza."

Mama Kyalo aliinama, akaokota nguo moja moja kutoka chini, akazipeleka kabatini mwenyewe. Begi lake lilirudi Makueni tupu kama lilivyokuja.

Fondo alikuwa bado amesimama na shati lake la mazishi.

"Kwa hiyo sheria imekwisha?" akauliza.

"Imekwisha, baba."

"Naruhusiwa sasa?"

Purity alimpisha mkekani. Fondo alienda kwanza bombani akanawa mikono hadi kwenye viwiko, akarudi, akaketi mbele ya mjukuu wake. Bakuli lilikuwa karibu kwisha, maana Jerioth katika kujitetea alikuwa akiendelea kulisha. Fondo alikwangua kijiko kimoja kilichojaa, akakipuliza, akakipeleka mdomoni kwa mtoto.

Brandon alifunga mdomo, akageuza uso. Alikuwa ameshiba.

Fondo alingoja. Alijaribu kushoto, akajaribu kulia. Kisha, mbele ya mtoto na mbele yetu sote, kijiko kile akakila mwenyewe, polepole, akitafuna ingawa boga halitafunwi.