Fundi Vifungo na Daraja la Mbao Kumi na Tatu

Kwanza tuelewane: Fundi Vifungo hakuwa mvivu. Waliomwita mvivu hawakuwahi kumwona akikunja pindo la gauni, miguu yote miwili kwenye cherehani na jicho moja kwenye kompyuta, na pindo likatoka limenyooka kiasi kwamba mchwa angeweza kutembea juu yake amefumba macho.

Chumba chake cha ushonaji kilikuwa katika uchochoro wa mafundi. Kushoto kwake alikaa fundi viatu, kulia fundi saa, ambaye saa zake zote ukutani zilibishana. Ndani mlikuwa na cherehani ya miguu, meza ya kukatia, makopo ya vifungo yaliyojaa ukuta mzima, na kwenye kona, karibu na pasi, kompyuta kongwe aliyoiita Babu. Babu alitupwa na shule moja ilipopata kompyuta mpya. Alikuwa mzee hasa. Ukimwasha asubuhi, ungeweza kukata sketi, kuishona, kuipiga pasi, mwenyewe akaja kuichukua, akaivaa mpaka ikachakaa, akairudisha itiwe kiraka, ndipo Babu amalize kukohoa na kukuonyesha picha.

Kwa Babu huyo Fundi alifanya kazi yake ya pili, nayo ni kuonja gemu na kuwaambia watu utamu wake. Zile gemu kubwa zinazotengenezwa na watu mia tano ndani ya jengo la vioo zilikuwa na wenyewe. Yeye alipenda zile ndogondogo ambazo mtu mmoja hukaa chumbani kwake akazitengeneza, zinazofunguka papo hapo kwenye mtandao, za bure au za bei ya bobini ya uzi. Kulikuwa na tovuti ya wapenda gemu iliyompa ukurasa kila Jumatano, na watu waliusoma kweli.

Alikuwa na utaratibu wake. Nguo nzuri, aliwaambia wateja, igeuze ndani uone mishono. Na gemu aliigeuza vivyo hivyo: mara kumi za kwanza aliicheza vibaya makusudi. Alijitupa mashimoni, aligonga kuta, alimwacha mfalme amesimama akaenda kuongea na mbuzi wa mfalme. Alitaka kujua gemu inamtendeaje aliyeshindwa. Inamcheka? Inamrudisha mwanzo kabisa kama mwanafunzi mtukutu? Au inamwinua, inamfuta vumbi, inamwambia haya, twende tena? Akishaanguka mara zake kumi, alicheza sawasawa mpaka mwisho, na hakuandika neno lolote kabla ya kuuona mwisho kwa macho yake. Kisha alitoa vifungo. Kimoja, shati linapepea. Vitano, limefungika mpaka shingoni.

Shahidi wa yote hayo alikuwa mama mkwe wake, aliyekaa kwenye kigoda karibu na mlango akifumua mishono kwa wembe. Wembe ule ulikuwa mkali, lakini mdomo wa mama mkwe ungeweza kuunoa.

"Mke wa mwanangu," angesema, "huyo mtu wako kaanguka tena."

"Namwangusha mimi, Mama. Ndiyo kazi."

"Kazi! Mimi nimeanguka maisha yangu yote, hakuna aliyenipa ukurasa Jumatano."

Basi ikaja gemu iitwayo Bustani ya Ng'ambo. Ilikuwa gemu ndogo kama leso. Kuna mtunza bustani mwenye ndoo ya kumwagilia, kuna daraja la mbao kumi na tatu juu ya korongo, na ng'ambo kuna mlango wa kijani. Ukikanyaga ubao, unaanza kulegea. Ukichelewa, unaanguka nao. Ni hivyo tu. Fundi alijiangusha mara kumi, kisha akaanguka mara nyingine tatu ambazo hakuzikusudia, kisha akavuka. Mlango ukafunguka.

Mama mkwe aliacha wembe.

Nyuma ya mlango kulikuwa na bustani, na kwa kila mara ulipoanguka korongoni lilikuwa limeota ua moja humo. Gemu ilikuwa imeweka kila anguko na kulipanda. Maua kumi na matatu, kila moja na rangi yake, na yule mtunza bustani akaenda akiyamwagilia moja baada ya jingine, bila haraka.

"Hee!" alisema mama mkwe. "Kumbe hakuwa anaanguka bure."

Fundi aliandika yote, akatoa vifungo vitano. Hakuwa amewahi kutoa vitano tangu aanze.

Jumatano hiyo moto ukawaka. Wasomaji walikuwa wameijaribu gemu ileile na hakuna hata mmoja aliyefika zaidi ya ubao wa nne. Daraja, walisema, linaporomoka kabla hujainua mguu. Gemu ni mbovu, haivukiki, mlango ule ni pambo tu. Bustani gani? Maua gani? Fundi Vifungo anatia chumvi. Wengine wakasema hajaicheza kabisa, ameota mchana akiwa amelalia cherehani. Aliyepiga kelele kuliko wote ni Bwana Nyota, mwenye ukurasa wa Ijumaa, aliyehakiki zile gemu kubwa na kutoa nyota. Aliandika kwamba yeye, mwenye vidole vilivyoshinda mashindano, ameanguka mara mia, na kama yeye hakuvuka basi havuki mtu.

Mhariri wa tovuti, dada mmoja mpole mwenye koti lisilokosa kifungo kinachoning'inia, alipiga simu.

"Dada Fundi, mimi nakuamini. Lakini mhakiki akishaitwa mwongo, nitamweka wapi? Njoo ofisini Jumamosi saa nne asubuhi, ucheze mbele ya watu, tuonyeshe moja kwa moja kwenye mtandao. Ukivuka, yamekwisha. Usipovuka, nitaufunga ukurasa wako, na roho yangu itaniuma."

Fundi hakulala njaa wala hakushika tama. Lakini siku hiyo alishona mfuko wa shati mgongoni, na mama mkwe akajua mambo ni mazito.

Jumamosi wakaenda wote wawili. Ofisi ilikuwa ghorofa ya pili, chumba kirefu chenye viti vya magurudumu na kompyuta mpya inayong'aa mpaka ungeweza kuchania nywele mbele yake. Watu wa tovuti walikuwa wamejipanga ukutani, na Bwana Nyota amekaa mbele, miguu amekunja nne.

"Karibu, Fundi," alisema. "Tuonyeshe bustani. Nimekuja na hamu ya kunusa maua."

"Utanusa," alisema Fundi, akakaa.

Akaanguka. Kwenye ubao wa tatu. Akajaribu tena, ubao wa pili. Mara ya ishirini bado hajaugusa ubao wa tano. Mbao zilikuwa zinaporomoka kama vyombo kwenye kabati bovu, na vidole vyake, vinavyoweza kuingiza uzi kwenye sindano wakati wa tetemeko, vilikuwa vimegeuka vya mtu mwingine. Ukutani mtu akakohoa kwa kumhurumia, na hakuna kikohozi kinachochoma kama hicho.

"Imetosha, Dada," alisema Mhariri taratibu.

Bwana Nyota alikuwa ameshasimama kuchukua kofia yake. Hapo mama mkwe, aliyekuwa ameambiwa njia nzima asifungue mdomo, akaufungua.

"Jamani, daraja la hapa lina haraka ya nini? La nyumbani linaanguka kistaarabu."

Watu wakacheka. Fundi hakucheka. Alimgeukia mama mkwe polepole, macho yamemtoka.

"Mama, rudia."

"Nimesema la nyumbani linakungoja. Unakanyaga, linafikiri, ndipo linaanguka. Hili limekunywa nini?"

Fundi akainuka, kiti cha magurudumu kikaenda chenyewe mpaka dirishani.

"Cherehani!" alisema. "Jamani, ni cherehani! Cherehani ileile ukiiendesha kwa mguu, sindano inakwenda kwa mwendo wa mguu wako. Ukiifunga mota, mshono ni uleule lakini sindano inakimbia mpaka inakutoboa kidole. Gemu hii haiangalii saa. Inakwenda kwa mbio za mashine. Hapa mmeifunga mota!"

"Anayeshindwa kucheza hulaumu kompyuta," alisema Bwana Nyota. "Nimesikia visingizio vingi, lakini hiki cha kushonwa kwa mkono ndicho cha kwanza."

"Nipe mpaka saa nane," Fundi alimwambia Mhariri. "Nikamlete Babu."

"Babu yako mzima?" aliuliza Mhariri kwa mshangao.

"Mzima kiasi."

Uchochoro wa mafundi haujawahi kuona msafara kama ule. Fundi viatu alitoa mkokoteni wake. Babu akaketishwa juu ya magodoro mawili, akafunikwa shuka, akafungwa mkanda wa suruali kiunoni. Fundi saa alibeba kibodi kichwani, na nyaya zilimning'inia shingoni mpaka mtu mmoja barabarani akamsalimia akidhani ni daktari. Kwenye ngazi walimpandisha Babu watu sita, na fundi viatu anaapa mpaka leo kwamba kwenye kona ya pili Babu alipumua.

Wakamchomeka kwenye umeme. Babu akakohoa. Akanyamaza. Akakohoa tena. Watu wakatoka, wakala, wakarudi, wakamkuta bado anakohoa. Fundi hakupenda kukaa mikono mitupu, akamvua Mhariri koti, akatoa sindano kolani, akakishona kile kifungo kilichokuwa kinaning'inia tangu enzi na enzi. Alipokata uzi kwa meno, picha ikatokea.

"Haya," alisema Mhariri, amevaa koti lake na kulifunga vizuri. "Mara hii moja, Dada. Watu elfu tatu wanatazama."

Fundi akakanyaga ubao wa kwanza, akasimama hapo, akaanguka nao.

Chumba kizima kikaguna. Akarudi, akaanguka tena. Na tena. Bwana Nyota alicheka mpaka akashika mbavu.

"Mke wa mwanangu!" mama mkwe alinong'ona, na mnong'ono wake ulisikika mpaka mtaa wa pili. "Unatuua! Vuka!"

"Bado saba, Mama."

"Saba za nini?"

"Mara kumi za kwanza ni za kuanguka. Sijawahi kuhakiki gemu kwa njia nyingine, na sitaanza leo kwa sababu natazamwa."

Akazimaliza zote kumi, moja moja, mikono imetulia kama anayepima kitambaa. Kisha akavuta pumzi, akaweka miguu chini ya meza kana kwamba kuna cherehani pale, na mguu wake wa kulia ukaanza kupiga mapigo yake ya kila siku. Ubao wa kwanza. Wa pili. Mbao zilikuwa zinalegea pole, kama mzee anayeinuka kitini. Wa tano, wa sita. Kikohozi cha huruma hakikusikika tena. Wa kumi. Wa kumi na moja ukaondoka nusu, mtunza bustani akayumba, ndoo ikamwaga tone. Bwana Nyota, asijijue, alikuwa amesimama na kushika bega la fundi saa.

"Twende, twende!" alisema Bwana Nyota.

Wa kumi na mbili. Wa kumi na tatu.

Mlango wa kijani ukafunguka.

Babu hakuwa amesahau. Yale maua kumi na matatu ya nyumbani yalikuwapo, na kando yake yakachipuka mengine kumi, yakafunguka moja moja mbele ya watu wote, huku mtunza bustani akienda na ndoo yake. Kelele zilizopigwa pale zilitikisa madirisha. Mama mkwe aliruka, naye hakuwa ameruka tangu mwanawe wa kwanza azaliwe. Fundi viatu akamkumbatia Babu.

Mhariri alikuwa anasoma maneno ya watazamaji, ghafla akainua mkono watu wanyamaze. Mtu alikuwa ameandika: "Mimi ndiye niliyeitengeneza. Kompyuta yangu ni nzee kama hiyo, na sina nyingine, kwa hiyo sikujua kwamba kwenu mbao zinakimbia. Watu waliponiambia haivukiki nilidhani wananichukia. Nilipanga kuifuta kesho. Huyo mama ndiye mtu wa kwanza kuiona bustani yangu."

Fundi akaivuta kibodi karibu. Kisha akaandika, kwa vidole viwili: "Usifute. Ifundishe kuangalia saa. Vifungo ni vilevile vitano."

Wiki ile mtengenezaji akairekebisha, mbao zikaanza kuanguka kwa sekunde, si kwa mbio za mashine, na kila mtu akavuka kwenye kompyuta yake. Jumatano iliyofuata ukurasa wa Fundi ulisomwa na watu wengi kuliko kurasa zote za tovuti zikijumlishwa, na Mhariri akamwongezea na Jumatatu.

Bwana Nyota naye alivuka. Alikuja mwenyewe mpaka kwenye uchochoro wa mafundi, kofia mkono mmoja na simu mkono mwingine, akasimama mlangoni kama mteja aliyepoteza risiti.

"Fundi," alisema, "nimekuja kukuonyesha kitu."

Akageuza simu, ndani yake picha aliyoipiga kwenye kompyuta yake. Ng'ambo ya mlango wa kijani, gemu ilikuwa imempandia kila anguko lake, tangu siku ile ya kwanza ya kujisifu. Maua mia moja na sitini na manne. Huoni ardhi.

Mama mkwe aliinuka kwenye kigoda, akaitazama simu kwa muda mrefu, akampigapiga mgongoni.

"Mwanangu," alisema, "yako ndiyo nzuri kuliko zote."