Kitabu cha Jalada la Kijani

Juzi nilifungua kitabu cha mtumba nilichonunua mjini Mtwara, na kabla sijasoma hata mstari, nikanusa moshi wa korosho. Aliyekuwa nacho bila shaka alikisomea jikoni. Vitabu viwili nilivyosoma kabla yake mwezi huu nimeshawaandikia wenzangu wa kikundi cha wasomaji maoni yangu: kimoja kirefu bila sababu, cha pili mwandishi wake anajipenda mno. Mimi sifichi, wananijua. Lakini hiki cha tatu nilikifunga, nikakaa kitako, moshi ule umenirudisha utotoni.

Nilianza kuhukumu vitabu nikiwa na miaka tisa, kijijini kwetu karibu na Madimba. Dada yangu Somoe alikuwa darasa la sita alipovunja ungo. Akawekwa ndani kama wasichana wote wa kwetu, asitoke wala asionwe na mwanamume mpaka siku ya kuchezwa unyago. Ulikuwa msimu, mama anachoma korosho uani, na moshi ule unaowasha koo ulijaa chumbani kwa dada. Mimi nilimpelekea uji. Shuleni niliruhusiwa kuazima kitabu kimoja kwa wiki, basi nikawa nakaa kizingitini namsimulia kipi kizuri na kipi kibovu, huku nadokoa muhogo wake. Nilijiona bingwa.

"Kile cha jalada la kijani umekimaliza?" aliniuliza siku moja.

"Nimekimaliza. Hakina kitu, dada. Msichana anakwenda shule tu, mpaka kinaisha."

"Niletee hivyo hivyo."

"Utalala bure. Nitakuletea cha fisi, kinachekesha."

Nikamletea cha fisi. Wiki iliyofuata akakiuliza tena kile cha kijani, nami nikamjibu kwa ukali kidogo kwamba nilishamwambia hakifai.

"Haya, mdogo wangu," akasema. Hakuniomba kitabu kingine.

Alitoka, akachezwa, akavishwa kanga mpya, tukashangilia mpaka sauti zikakauka. Shule hakurudishwa. Msimu uliofuata wa korosho ulimkuta ameolewa Msimbati.

Mwaka jana nilikiona kitabu kile cha kijani kwa muuza mitumba, nikakimbia nacho hadi kwa dada. Alifuta mikono kwenye kanga, akakigeuzageuza, akanirudishia.

"Nisomee wewe. Mie herufi zishanitoka."

Nikasoma kurasa mbili. Akainuka kwenda kutazama muhogo jikoni. Nilimsubiri, na aliporudi alianza kunieleza habari za mvua.

Nilikuwa mtu mzima ndipo nikaelewa kwamba dada hakuniuliza kitabu kikoje. Alikuwa anakiomba. Alitaka kukaa mle ndani, kwenye moshi, amtazame msichana anayekwenda shule mpaka kinaisha. Nilikuwa na kitabu hicho mkononi wiki nzima, na nilichompa ni maoni yangu.