Kipovu cha Pima Maji

Jana shuleni nilimwona fundi akiweka pima maji ukutani, kipovu chake kikitembea, nikakumbuka alasiri moja kwetu Kambarage. Baba alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho. Chumba kilinuka dawa, naye alilala kifudifudi, uso nje ya ukingo wa kitanda, bila kututazama. Nilidhani amekasirika. Nikajilaza sakafuni, chini ya uso wake.

"Shikamoo baba. Tumekukosea?"

"Marahaba, mayu, mama yangu. Daktari kaniwekea kipovu cha hewa jichoni, kama cha pima maji yangu. Nikiinuka kitahama, nisione tena."

Nikaanza kunong'ona, kisije kikapasuka.

Baba bado huenda kliniki kupimwa jicho, na akirudi namwamkia kwa sauti ya chini. Wageni husema nina aibu. Yeye hucheka: "Paza sauti, mayu, kipovu kiliisha zamani!"